Katalogi na Haki ya Kuandikwa

Maonyesho ya sanaa hufungwa. Kazi hurudishwa kwa wenyewe au huuzwa, kuta hupakwa rangi upya, na miaka kumi baadaye mtafiti anayetaka kujua ni nini kilichooneshwa hana budi kufungua katalogi. Ndiyo maana nashikilia kwamba katalogi ni hati ya kihistoria, na kwamba anayeichapisha huamua nani atakumbukwa. Mifano mitatu yatosha.

Mwaka 1984, jumba la makumbusho la MoMA, New York, liliandaa maonyesho kuhusu uhusiano kati ya sanaa ya Magharibi ya karne ya 20 na ile iliyoitwa sanaa ya kikabila. Katalogi yake, iliyohaririwa na William Rubin, ilitoka katika juzuu mbili. Humo Picasso ana jina na kazi zake zina mwaka. Mchongaji wa Kiafrika ametambulishwa kwa kabila lake. Mwaka huohuo mkosoaji Thomas McEvilley aliandika katika jarida la Artforum akilalamikia vinyago kuwekwa bila tarehe, kana kwamba waliovichonga waliishi nje ya historia.

Mwaka 1989 Jean-Hubert Martin alijibu kwa maonyesho ya Paris yaliyoitwa Magiciens de la terre, yaani Wachawi wa Dunia. Wasanii zaidi ya 100 walishiriki, takriban nusu yao wakitoka nje ya Ulaya na Marekani. Katika katalogi kila mmoja alipewa jina lake, nafasi yake, na ramani ndogo iliyoweka mahali pake katikati ya dunia. John Fundi, mchongaji wa Kimakonde, alikaa kitabu kimoja na Louise Bourgeois. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, Rasheed Araeen, mzaliwa wa Karachi aliyekuwa miongoni mwa washiriki, aliyakosoa vikali: kwa nini asiye Mzungu atafutwe kama mlinzi wa mila, huku wasanii wa kisasa wa nchi hizohizo wakiachwa? Kwa mtazamo wa namna hiyo, mtu kama Sam Ntiro, aliyesoma Slade, London, na kufundisha Makerere, hana pa kuwekwa. Jina lilikuwa limepatikana. Kalamu ilikuwa bado mikononi mwa wengine.

Kalamu ilihama mwaka 2002. Okwui Enwezor, Mnigeria, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Documenta, maonyesho yanayofanyika Kassel, Ujerumani, kwa siku 100. Yeye aliyatanguliza kwa mijadala katika miji kadhaa ya dunia, ukiwemo Lagos, na mijadala hiyo ikachapishwa vitabu sambamba na katalogi. Kimoja kinahusu Freetown, Johannesburg, Kinshasa na Lagos. Siku 100 zilikwisha zamani. Vitabu hivyo vingali vinafundishwa.

Nasi je? Biennale ya Sanaa ya Afrika Mashariki ilianza Dar es Salaam mwaka 2003, na Yves Goscinny, mwanzilishi wake, aliihariria katalogi. Juhudi hiyo yastahili heshima. Lakini taifa haliwezi kuachia kumbukumbu ya sanaa yake bidii ya mtu mmoja na hisani ya wafadhili.

Kwa watumishi wa umma wanaopitisha bajeti za utamaduni, pendekezo langu ni dogo: maonyesho yoyote yanayogharimiwa na fedha za umma yawe na fungu la katalogi tangu siku ya kwanza, katalogi hiyo iwe na walau insha moja ya Kiswahili, na nakala ziwekwe katika maktaba ya taifa na za vyuo vikuu. Kwa wanafunzi wangu: msanii aliye mtaani kwenu bado yu hai. Mhojini, andikeni jina lake kamili, mwaka na jina la kila kazi. Tusipofanya hivyo, mjukuu wake atamtafuta katika vitabu vya watu na kumkuta ameandikwa kabila tu.