Utafiti Urudi Nyumbani

Ndugu wana-Mchinga, mlio nyumbani na mlio mbali,

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Pwani yetu imepokea wageni wengi wenye daftari na maswali. Tunawaeleza habari za bahari, mashamba na nyumba zetu, kisha wanaaga. Majibu yetu yanasomwa Dar es Salaam na Ulaya, na mwenyeji hajui amepona nini.

Historia inaonyesha kwamba si lazima iwe hivyo. Katika miaka ya 1970, mradi wa Jipemoyo wilayani Bagamoyo, ambao Marja-Liisa Swantz wa Ufini alikuwa mmoja wa waasisi wake, ulifanya utafiti pamoja na wanavijiji badala ya kuwachunguza tu.

Miaka ya 1990 njia hiyo ilitumika kwetu kusini kupitia RIPS, programu ya maendeleo vijijini ya Lindi na Mtwara iliyofadhiliwa na Ufini. Wanavijiji walichora ramani ardhini, wakapanga matatizo kwa uzito wake, wakayajadili. Wavuvi waliutaja uvuvi wa baruti: bomu moja huua samaki wakubwa na wachanga, likavunja na matumbawe wanamokulia. Maneno yao yalirekodiwa kwa video na kuonyeshwa viongozi. Vijiji vya pwani vikaunda umoja ulioitwa Shirikisho. Baruti ilirudi miaka ya baadaye, lakini funzo limebaki: ripoti iliyofungiwa kabatini haizuii bomu, iliyo mikononi mwa wavuvi hupata wa kuisemea.

Leo jambo hili ni zito zaidi. Likong'o, kwa jirani zetu, kumetengwa eneo la kiwanda cha kusindika gesi asilia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka wananchi washirikishwe katika tathmini ya athari. Kushirikishwa si kutia saini karatasi ya mahudhurio na kunywa soda. Ni kupata matokeo kwa Kiswahili, kuuliza, kupinga, na kuonyeshwa maoni yetu yamebadilisha nini.

Kwa hiyo tunaomba sehemu ya harambee ya mwaka huu ikusanye ripoti zilizoandikwa kuhusu kwetu, igharimie muhtasari wa Kiswahili, na iwakutanishe wavuvi, wakulima wa ufuta na korosho, akina mama wa pweza, vijana na walimu wazijadili. Tuchangie, ili wageni wajao watukute tunajua la kuwauliza.