Chupa ya Darajani (Sehemu ya Nne)

ILIPOISHIA: Awuor, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa diploma ya uhandisi wa kemikali katika chuo cha ufundi mjini Awendo, ameteremka Mto Sare alfajiri kuchota maji ya mradi wake. Chini ya daraja amekuta samaki wamegeuza matumbo juu, na hewa inanuka sukari iliyochacha. SASA ENDELEA...

Jaduong', fundi wa maabara, aliwapa Awuor na mwenzake Bosibori ufunguo saa kumi jioni kwa sharti moja: saa kumi na mbili uwe mezani kwake. Hakuuliza wanakwenda kufanya nini. Aliitazama kreti aliyoibeba Awuor, akaziona chupa tatu za kioo ndani yake, akasema tu, "Asidi mnajua ilipo. Miwani mvae."

Maji ya chupa zile Awuor alikuwa ameshayatia dawa palepale ukingoni: manganisi salfeti kwanza, kisha mchanganyiko wa aidodi na alkali. Ukingoja hadi ufike chuoni, oksijeni inakuwa imeshabadilika na jibu lako ni uongo. Wanafunzi wengi hulipuuza agizo hilo, maana si raha kuteremka matopeni gizani na dawa mfukoni. Awuor hakulipuuza, na jioni ile ndiyo sababu hakuna aliyeweza kumwambia kwamba amebahatisha.

Bosibori alizipanga chupa dirishani. Ya kwanza, iliyochotwa juu ya daraja, ilikuwa na mashapo ya kahawia yaliyotulia chini. Maji yale yalikuwa na pumzi. Manganisi ilikuta oksijeni ikaishika. Ya pili na ya tatu zilitoka chini ya daraja, hatua chache kutoka pale pa kwanza. Mashapo yake yalikuwa meupe.

"Labda dawa imekwisha nguvu," Bosibori alisema.

"Dawa ni ileile. Chupa ya kwanza si hiyo hapo?"

Walitia asidi ya salfuriki. Chupa ya kwanza ikageuka rangi ya chai ya rangi. Awuor akapima mililita 200, akafungua bomba la bureti, thiosulfeti ikaanza kudondoka huku Bosibori akitikisa chupa ya koniko. Rangi ilipofifia akatia wanga, maji yakawa bluu iliyokolea. Tone, tone, tone. Bluu ikatoweka ghafla, naye Bosibori akainama usawa wa jicho kusoma: mililita sita nukta nne. Kila mililita moja ni miligramu moja ya oksijeni katika lita. Samaki anaishi hapo bila shida.

Chupa ya pili haikuonyesha rangi hata kidogo ilipotiwa asidi. Wanga haukuleta bluu. Hapakuwa na cha kupima. Ya tatu ikawa vivyo hivyo.

"Sufuri," Bosibori aliandika, mkono ukimtetemeka. Alizaliwa Kisii, ambako Mto Kuja wanauita Gucha, na Sare unakwenda kumwaga humo humo. Mbele ni Ziwa Victoria. Ningu wanaopanda Kuja kutaga mvua zikianza hawana njia nyingine.

Awuor hakuhitaji kitabu kumweleza kilichotokea. Amekulia mji ulioishi kwa miwa tangu kiwanda cha South Nyanza kianze kusaga mwishoni mwa miaka ya 1970; harufu ya molasi aliijua kabla hajajua kusoma. Molasi peke yake si sumu, ng'ombe wanalishwa. Lakini masalio ya molasi iliyochachishwa yakimwagwa mtoni, bakteria huyashambulia wale, na wakila wanavuta oksijeni yote iliyomo. Samaki hufa kwa kukosa pumzi ndani ya maji. Ndiyo maana kanuni za ubora wa maji hazimruhusu mtu kumwaga mtoni majitaka yanayohitaji oksijeni kupita kiwango kilichowekwa. Mtu aliyefungulia bomba pale darajani alijua anavunja sheria. Angekuwa hajui, angemwaga mchana.

Simu ya Awuor ililia. Ujumbe wa M-Pesa. Baba mdogo ametuma pesa ya kujisajili kwa mtihani wa mwisho, yote, bila kubakiza. Tangu baba yake Awuor afariki, ni yeye aliyebeba karo, kodi ya chumba, hata koti jeupe alilovaa sasa hivi. Awuor alifumba macho akamshukuru Mungu.

Simu ikalia tena. Safari hii ni yule kijana wa bodaboda aliyeahidi kumtafuta mwenzake aliyepita darajani usiku wa manane. Ameleta picha.

Ilikuwa na giza, imepigwa kwa mwanga wa taa ya pikipiki: lori la tangi limerudi kinyumenyume hadi ukingoni, mpira mnene umening'inia majini. Nambari ya gari imepakwa matope. Bosibori aliikuza picha kwa vidole viwili. Juu ya bamba la nyuma kulikuwa na maandishi ya rangi ya manjano, yaliyoandikwa kwa mkono.

NYAR SAKWA.

Awuor akakaa kwenye stuli. Siku alipopata nafasi ya chuo, baba mdogo alinunua kopo la rangi, akaandika jina lile nyuma ya lori lake mbele ya majirani wote. "Binti wa Sakwa atakuwa injinia," alisema. "Kila nikipita watu wasome."

"Unamjua mwenye gari?" Bosibori aliuliza.

Kabla hajajibu, simu iliita. Baba mdogo.

"Nyathina, pesa imefika?"

"Imefika, Baba. Asante sana."

"Vizuri." Kimya kidogo. "Niko hapa getini. Njoo. Na zile chupa tatu uje nazo."

Simu ikakatwa. Awuor alimtazama Bosibori, kisha akatazama ufunguo uliokuwa mezani. Idadi ya chupa waliijua watu watatu tu: yeye, Bosibori, na Jaduong'.

Nani amesema? Na Awuor atatoka na chupa, au atabaki nazo? Usikose Sehemu ya Tano Jumamosi ijayo.