SOMO LA LEO: HISANI NA HAKI

Fungueni madaftari yenu, mwandike maneno mawili: hisani na haki. Leo historia ya Kilwa itatuonyesha kwamba maneno haya si mamoja.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mtu wa Moroko, alifika Kilwa. Aliandika habari za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyekuwa mkarimu mno. Ijumaa moja Sultani alipotoka kusali, maskini mmoja alimsimamisha, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akavaa nyingine, akampa zile. Watu walimsifu sana.

Lakini Sultani huyo alikufa, na nduguye Daud akashika utawala. Maskini walipomwendea, aliwajibu kuwa mtoaji amekufa, wala hakuacha kitu cha kutoa.

Hiyo ndiyo hisani. Hutoka moyoni mwa mtu, na mtu akiondoka, huondoka naye. Maskini hana pa kushtaki.

Sasa mfikirieni mtoto asiyeona, au kiziwi, au asiyeweza kutembea. Kwa miaka mingi kusoma kwake kulikuwa hisani. Mwaka 1950 wamisionari wa Kianglikana walifungua shule ya wasioona huko Buigiri, katika nchi ya Dodoma. Ilikuwa kazi njema. Lakini Buigiri ni mbali na Kilwa, na mzazi aliyekosa nafasi hakuwa na la kudai.

Baadaye zikaja sheria. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliagiza kila mtoto aliyetimiza miaka 7 aandikishwe shule. Mwaka 1984 haki za raia ziliingizwa katika Katiba: haki ya mtu ikiamuliwa na mahakama au chombo kingine, mtu huyo asikilizwe kwa ukamilifu, tena aweze kukata rufaa. Mwaka 2010 Sheria ya Watu wenye Ulemavu ikasema kwamba mtoto mwenye ulemavu ana haki sawa ya kupokewa shuleni, iwe shule ya serikali au ya watu binafsi.

Basi, ewe mzazi wa Kivinje, Masoko au Lindi, ukiambiwa, "Mtoto huyu hawezi, mrudishe nyumbani," usirudi kimya. Uliza sababu, na uombe iandikwe. Huko Marekani, sheria ya mwaka 1975 ililazimisha shule kumwarifu mzazi kwa maandishi, na mzazi asiporidhika, shauri lisikilizwe na mtu asiye wa shule ile. Wewe nawe unayo njia: nenda kwa afisa elimu wa kata, kisha wa wilaya. Nenda na barua uliyoiandika kwa mkono wako. Maneno ya mdomo husahauliwa. Barua hudai jibu. Hiyo ni faida moja ya darasa hili.

Wazee walisema: Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini maskini wa Kilwa hawakuweza kumshtaki Daud?
2. Je, kijijini kwenu yuko mtoto aliyebaki nyumbani? Nani aliamua hivyo, na mzazi wake alisikilizwa?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.