MGB ya 1977 na Bampa za Kromu? Hapana, Buda

Wasee wangu wa magari mnanitumia picha za MGB moja ya viti viwili inayouzwa huko Uingereza. Nyekundu, rimu za spoku, kofia ya turubai inayofunguka, bampa za kromu zinang'aa mpaka unaona uso wako. Muuzaji anasema ni ya 1977 na "imerudishwa ilivyokuwa". Gari ni kali, sibishani. Lakini MGB ya 1977 haikutoka kiwandani na bampa za kromu. Ilitoka na mabampa makubwa meusi ya mpira, yale watu wanayacheka. Kwa hivyo hiyo gari haijarudishwa ilivyokuwa. Imerudishwa vile mtu alitamani ingekuwa.

Na mimi naona hayo mabampa meusi ndiyo sehemu tamu kuliko zote kwa hadithi ya hii gari.

Twende polepole. MG ni Morris Garages, duka la magari la pale Oxford, ambapo Cecil Kimber alianza kutengeneza gari za michezo miaka ya 1920. Mwaka wa 1929 kazi ikahamia mji mdogo jirani unaoitwa Abingdon. Vita vya pili vikaisha 1945, Uingereza ikawa imesota vibaya. Madeni ya Amerika, chakula cha kupimiwa, chuma hakitoshi. Serikali ikasema chuma kitaenda kwa kiwanda kinachouza nje na kuleta dola. MG nao wakatoa TC, kigari chembamba chenye umbo la kabla ya vita, usukani kulia tu, na Wamarekani wakakinunua hivyo hivyo! Kuanzia hapo, Abingdon haikuwa inatengenezea Waingereza. MGA ya 1955 hadi 1962 zilitengenezwa zaidi ya 100,000, na zilizouzwa Uingereza kwenyewe hazikufika 6,000. Hebu fikiria kiwanda kiko kwenu lakini gari zake huzioni barabarani.

MGB ikaja 1962, kazi ya Syd Enever na watu wake. Injini ya 1798 cc, kabureta mbili za SU, mwendo wa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Usidanganywe ati ni teknolojia ya ajabu. Injini yenyewe ni ya familia moja na zile za saluni za Austin na Morris za baba mwenye watoto wanne. Ujanja ulikuwa kuchukua vitu vya kawaida na kuvipanga vizuri, kwa bei ambayo kijana mwenye kazi angeweza kujikaza akalipa. Kitu kipya kilikuwa bodi. MGA ilikuwa na chesisi pembeni na bodi juu yake. MGB, bodi ndiyo chesisi. Hilo likumbuke, nitalirudia.

Pale Abingdon hakukuwa na mkanda wa kuvuta magari kama viwanda vikubwa. Bodi na injini zilikuja kutoka kwingine, halafu gari ikasukumwa kwa mikono kutoka kituo kimoja hadi kingine, watu wakifunga vipande. Kwa miaka 18 walitengeneza MGB zaidi ya 500,000 namna hiyo. Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili na bado naambiwa kila Krismasi kwamba kazi ya mikono ni ya waliofeli. Sawa tu.

Sasa bampa. Amerika ikapitisha sheria kwamba gari igongwe kwa mwendo wa karibu kilomita 8 kwa saa bila taa na vitu vya usalama kuharibika. Tena bampa ikae kwa urefu fulani kutoka chini. MGB ilikuwa fupi mno. Kampuni ya maana ingechora gari mpya. Lakini tangu 1968 MG ilikuwa chini ya British Leyland, jumba kubwa lenye majina mengi yanayong'ang'ania pesa chache, na pesa za gari mpya ya michezo zikaenda kwa Triumph TR7. MGB ya mwaka wa 12 ikavalishwa mpira mweusi mwishoni mwa 1974 na kuinuliwa miguu. Ikaanza kulala kwenye kona. Gari za Amerika zikanyimwa pia nguvu ya injini kwa sababu ya sheria za moshi. Na bado watu waliendelea kununua!

Kilichoua ni pauni. Wewe unayelipwa dola kwa kazi za mtandaoni unakumbuka mwanzo wa 2024, dola ikashuka kutoka karibu shilingi 160 hadi karibu 130. Kazi ni ile ile, mfuko umepungua. Ndivyo ilivyokuwa Abingdon 1979. Mafuta ya Bahari ya Kaskazini na riba vikaipandisha pauni, na kila gari iliyouzwa kwa dola ikarudisha pauni chache zaidi. British Leyland, chini ya Michael Edwardes, ikasema kila MGB inayouzwa Amerika ni hasara.

Septemba 1979 mji ulifanya sherehe ya miaka 50 ya kiwanda. Kulikuwa na maandamano ya magari, familia na muziki. Halafu Jumatatu ya tarehe 10, sherehe zikiwa ndiyo zimeisha, wafanyakazi wakaambiwa kinafungwa. Hiyo ni noma. Wenye MG waliandamana London, na kundi lililoongozwa na Aston Martin likajaribu kununua, ikashindikana. MGB ya mwisho ilitoka Oktoba 1980. Miaka tisa baadaye Mazda wakatoa MX-5, wazo lile lile la viti viwili na injini ya kawaida, wakauza zaidi ya milioni moja. Leo jina MG ni la SAIC ya Uchina.

Turudi kwa bodi. Kwa sababu haina paa wala chesisi, nguvu ya MGB iko kwa vile vyuma virefu vilivyo chini ya milango, na ndivyo kutu hupenda. Fundi wa haraka anachomelea bamba jipya juu ya lililooza, anapiga puti na rangi. Akikata bila kushikilia gari vizuri, katikati inabonyea na milango haifungi sawa. Kwa hivyo mtu akikuonyesha rangi, wewe angalia mianya ya milango. Fundi mwingine anatupa bodi yote, kwa sababu tangu 1988 British Motor Heritage wanatoa bodi mpya kwa vyuma vile vile vya kiwandani. Mimi hiyo siipingi. Afadhali bodi ya 1990 inayokubali ni ya 1990.

Kromu kwa gari ya 1977 ndiyo inaniuma, maana inafuta sheria, pauni na wale watu wote kwa spana moja. Na si ajabu hiyo nyekundu ilishawahi kuishi California. MGB nyingi zilizokwenda Amerika zilikaa majimbo makavu, hazikuoza, na wafanyabiashara wakaanza kuzirudisha Uingereza. Zinashuka kwenye meli, usukani unahamishwa kutoka kushoto kuja kulia, kisha zinauzwa kwa pauni.