Mitungi ya Roma ya Kale katika Michoro ya Karne ya 16: Ushahidi au Ubunifu?

Mwaka 1543 Enea Vico wa Parma, kijana wa miaka ishirini hivi, alichonga katika mabamba ya shaba mfululizo wa picha za mitungi na mabirika, akazipiga chapa. Chini ya picha aliandika kwa Kilatini kwamba chombo ni cha kale na kimepatikana Roma. Dai hilo lastahili kupimwa. Mwanahistoria akilipokea bila kuuliza, atahesabu miongoni mwa mali za Waroma vyombo ambavyo huenda Mroma hakuvitia machoni kamwe.

Roma ya siku zile ilikuwa machimbo kuliko hazina. Sanamu, nguzo na mitungi ya marumaru vilivunjwa na kutiwa tanurini vikawa chokaa ya kujengea. Mwaka 1515 Papa Leo wa Kumi alimkabidhi Raffaello uangalizi wa mawe ya kale, na yenye maandishi yasikatwe bila idhini yake. Mnamo 1519, katika barua aliyoitunga pamoja na Baldassare Castiglione, Raffaello alimlalamikia Papa huyo kuwa Roma mpya imejengwa kwa chokaa ya marumaru za kale. Basi aliyechora kipande kabla hakijafika tanurini alikuwa akiokoa kitu, na pengine mchoro wake ndio tulio nao peke yake. Ndiyo maana uaminifu wake si jambo dogo.

Mitungi tunayoisema haikuwa ya kutekea maji. Ilikuwa mikubwa, ya kupamba bustani za matajiri, na ubavuni ilichongwa wafuasi wa mungu Dionisi wakicheza kati ya mizabibu. Ilipofukuliwa, aghalabu ilikuwa na mapengo, kwani vishikio na mguu huvunjika kwanza. Mchoraji alikuwa na njia mbili: kuliacha pengo au kulijaza. Waliofanya kazi ya kitabu cha michoro kiitwacho Codex Coburgensis, mnamo 1550, walichagua ya kwanza: katika picha zao za michongo ya marumaru, kichwa kilichokatika hakikurudishwa. Walio wengi walijaza, kama mnakili wa hati iliyoliwa na mchwa anayeandika neno analoona lafaa.

Agostino Veneziano alikwenda mbali zaidi. Chapa zake za mitungi za 1530 na 1531 zina maandishi yasemayo kwamba hivi ndivyo wachongaji wa kale wa Roma walivyokuwa wakifanya kwa shaba na marumaru. Tutazame kitenzi chenyewe, *faciebant*: chaeleza desturi, wala hakitaji chombo fulani mahali fulani. Ni dai la mtindo, na mtu hawezi kushtakiwa kwa mtindo. Vico, miaka 12 baadaye, alitumia *repertum*, yaani “kimepatikana”. Kutoka “walikuwa wakifanya” hadi “kimepatikana”, mtindo umegeuzwa kuwa tukio. Kwa maoni yangu, hapo ndipo udanganyifu ulipoingia, katika sarufi kabla ya kuingia katika picha.

Wataalamu wengi huziona chapa hizo kuwa ubunifu kwa sehemu kubwa. Vishikio vya nyoka na viumbe vya ajabu viliwafaa masonara waliotafuta mifano ya mabirika ya fedha, na neno “kale” liliiuza karatasi. Hata mitungi ya kubuniwa ilipata kizazi: ile aliyoipaka Polidoro da Caravaggio ukutani mwa Palazzo Milesi katika miaka ya 1520 ilipigwa chapa na Cherubino Alberti mwaka 1582. Cha kushangaza, Vico huyuhuyu alitoa mwaka 1555 kitabu juu ya sarafu za kale, na ndani yake akaeleza hila za wanaoghushi sarafu.

Mwaka 1566, miaka 23 baada ya chapa za Vico, mtungi wa kweli ulifukuliwa Roma penye bustani za Sallustius. Ulichongwa Athene katika karne ya 1 kabla ya Kristo ili uuzwe kwa Waroma, na leo uko Louvre kwa jina la Mtungi wa Borghese. Una umbo la kengele iliyopinduliwa, na mshipi mmoja tu wa watu wa Dionisi umeuzunguka chini ya tawi la mzabibu. Hauna nyoka hata mmoja.