Mkimbiaji wa Fort Hare Aliyelala Mbeya

Watoto wetu hapa Jacobs wanamjua Mandela wa kwenye noti na wa kwenye sanamu. Mandela mwanamichezo hawamjui sana, na Mandela aliyelala Mbeya hawamjui kabisa.

Alianza ngumi na mbio ndefu akiwa shuleni Healdtown, alikofika mwaka 1937. Mwaka 1939 akaingia Chuo cha Fort Hare, akacheza mpira wa miguu na kukimbia mbio za nyika. Mbio alizipenda kwa sababu kipaji hakikuwa kila kitu. Aliyejituma mazoezini aliweza kumpita mwenye kipaji. Chuo hakumaliza. Alikataa kuwa mjumbe wa serikali ya wanafunzi katika mgogoro ulioanzia kwenye chakula kibaya, akaondoka 1940. Johannesburg alimwoa Evelyn Mase, muuguzi (sisi wauguzi hatuachi kulitaja hilo), na mwaka 1944 akawa miongoni mwa walioanzisha Umoja wa Vijana wa ANC. Ngumi aliendelea nazo katika ukumbi wa Orlando.

Januari 1962, mwezi mmoja tu baada ya bendera yetu kupandishwa, alitoka Afrika Kusini kwa siri kupitia Bechuanaland. Ndege ndogo ikamshusha Mbeya pamoja na Joe Matthews. Hotelini aliwakuta Waafrika na Wazungu wameketi pamoja kibarazani wakizungumza. Alikuwa na miaka 43, na hajapata kuona jambo hilo. Mara Mwafrika mmoja akamwendea mama wa mapokezi, Mzungu, akamuuliza kama Bwana Mwakangale amewaulizia wageni hawa. Mama akakiri amesahau kuwaambia. Yule bwana akamwonya, kwa adabu lakini bila woga, kwamba hawa ni wageni wetu na watunzwe vizuri. Mandela ameandika kwamba ni hapo alipojiona mtu huru kwa mara ya kwanza maishani. Mbeya, jamani!

Dar es Salaam alionana na Mwalimu, aliyekuwa akiendesha mwenyewe gari dogo aina ya Austin. Hawakukubaliana kwa yote: Mwalimu alitaka mapambano ya silaha yasubiri Sobukwe atoke gerezani.

Tarehe 5 Agosti 1962, akitokea Durban, alikamatwa karibu na Howick. Kisiwani Robben alikimbia papo hapo ndani ya seli hadi dakika 45, kisha pushapu 100. Mwaka 1988, bado mfungwa, alipata kifua kikuu, akatibiwa, akapona. Wagonjwa wangu wanaotaka kuacha dawa huwasimulia hilo.

Mwaka 2015, watu walipofukuzwa majumbani Isipingo kwa kuitwa wageni, mtoto mmoja wa kwetu aliniuliza tulikuja kufanya nini katika nchi ya Mandela. Nilimsimulia kisa cha hoteli ya Mbeya. Akakaa kimya, kisha akauliza kama hoteli bado ipo.

Tarehe 27 Aprili 1994 Mandela alipiga kura yake ya kwanza shuleni Ohlange, Inanda, upande wa pili wa jiji hili hili. Mwenye gari awapakie watoto Jumamosi moja wakapaone, na njiani awape habari za Mwakangale.