Mafundi na uhai mpya wa mashine za CD za miaka ya themanini

Katika bustani ya Roe Green, eneo la Kingsbury kaskazini magharibi mwa London, lipo jengo ambalo zamani lilikuwa banda la magari ya farasi la nyumba iitwayo Kingsbury Manor. Humo, mwishoni mwa miaka ya 1920, John Logie Baird, Mskochi aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa televisheni, alifanya majaribio ya kupokea picha zilizosafiri hewani. Kazi hiyo, iliyobadilisha dunia, ilifanyika kwa waya, milingoti na vifaa vya kuungaunga.

Miongo minne baadaye eneo hilo na majirani zake, Wembley na Harrow, lilipokea wakazi wapya. Hao walikuwa Waasia wa Afrika Mashariki: waliotoka Kenya baada ya sheria ya uhamiaji ya mwaka 1967, na waliofukuzwa Uganda kwa amri ya Idi Amin ya Agosti 1972, iliyowapa siku 90 tu za kuondoka. Walitoka katika miji ambako redio ikinyamaza haitupwi. Hupelekwa kwa fundi, ikafunguliwa, ikalehemiwa, ikasema tena.

Mashine ya CD ilipoingia majumbani, ilionekana kana kwamba zama za fundi huyo zimekwisha. Philips ya Uholanzi ilionyesha mfano wake mjini Eindhoven mwezi Machi 1979. Sony ya Japan ikaanza kuuza mashine yake, CDP-101, tarehe 1 Oktoba 1982, na mwaka uliofuata CD100 ya Philips ikafika madukani Ulaya. Wanunuzi waliahidiwa sauti kamilifu isiyochakaa. Lakini haikupita muda malalamiko yakaanza. Fidla zilisikika kali, matoazi yakakwaruza masikio, na wapenzi wa santuri wakapata la kusema.

Lawama zote zilielekezwa kwenye diski, na hapo ndipo palipokuwa na kosa. Diski ya CD huhifadhi vipimo 44,100 vya sauti kwa kila sekunde, kwa kila upande, na kila kipimo kina biti 16. Kazi ngumu ni kuvigeuza vipimo hivyo viwe sauti tena. Sony ilitumia kigeuzi kimoja kilichohudumia upande wa kushoto na wa kulia kwa zamu, kisha ikaweka kichujio kikali baada yake. Philips ilikuwa na kigeuzi cha biti 14 tu, TDA1540, lakini wahandisi wake walitumia werevu: waliongeza kasi ya vipimo mara nne hadi 176,400 kwa sekunde, na hivyo wakaweza kutumia kichujio chepesi zaidi. Mwaka 1985 kilifuata TDA1541, cha biti 16 kamili, ambacho hadi leo kinatajwa na mafundi kwa heshima ya pekee.

Baada ya kigeuzi, hata hivyo, sauti ilipaswa kupita kwenye vikuza sauti vidogo na kapasita zilizochaguliwa kwa kuangalia bei kuliko ubora. Kampuni ya Meridian ya Uingereza ililiona hilo mapema. Katikati ya miaka ya 1980 ilichukua mashine ya Philips, ikabadilisha sehemu za ndani na kuiuza kwa jina la MCD. Mwaka 1988 jarida la Marekani, The Audio Amateur, lilichapisha makala ya Walt Jung na Hampton Childress yaliyomwonyesha msomaji jinsi ya kufanya kazi kama hiyo mezani kwake.

Miaka hiyo hiyo muziki wa Waswahili uliingia kwenye CD, na mlango wake mmoja ulikuwa jirani na Kingsbury. GlobeStyle, iliyoanzishwa mwaka 1985 na Ben Mandelson na Roger Armstrong, ilikuwa na makao yake Harlesden, katika manispaa hiyo hiyo ya Brent. Ndiyo iliyotoa mfululizo wa taarabu ya Zanzibar, zikiwemo nyimbo za Ikhwani Safaa, kikundi kilichoasisiwa mwaka 1905. Kanuni ni mtihani mzuri kwa mashine yoyote: kila uzi unapodonolewa, sauti huchomoza ghafla kisha hufifia polepole, na kifaa duni huufanya mchomozo huo kuwa mkwaruzo.

Fundi anayeifungua mashine ya umri huo leo huanza na kapasita za elektroliti. Hizo hukauka, na joto huharakisha kukauka kwake. Kwa kawaida, kila nyuzi 10 za Selsiasi zinapoongezeka, umri wake hupungua kwa nusu. Kisha hutazama maungio ya bodi ya saketi, ambayo katika baadhi ya mashine za Philips za wakati huo hupasuka kimyakimya, na huyapitishia waya na kuyalehemu upya. Wengine hubadilisha vikuza sauti, au huweka saa mpya ya kielektroniki inayopimia mwendo wa vipimo.

Si kila badiliko lina faida sawa. Kapasita iliyokauka ni ugonjwa, na kuibadilisha ni tiba ambayo hata vipimo vya maabara huithibitisha. Kubadilisha kikuza sauti kizima kwa kingine cha bei kubwa ni jambo jingine. Mara nyingi msikilizaji asiyeambiwa kipi kinacheza hawezi kuvitofautisha, na anayesifu huenda anasifu fedha alizotumia. Afadhali basi fundi ahifadhi sehemu za asili katika bahasha, ili mashine iweze kurudishwa ilivyokuwa.

Kinachoadimika sasa ni jicho la leza. Mitambo ya CDM-1 ya Philips, yenye mkono wa chuma na lenzi ya kioo, imedumu kuliko mingi iliyoifuata ya lenzi za plastiki, lakini haitengenezwi tena. Vigeuzi vya TDA1541A navyo vimepanda bei kiasi kwamba sokoni vimejaa vya bandia, vya kawaida vilivyofutwa maandishi na kuchorwa taji, alama ya daraja la juu.